Jina Chini ya Kinyago: Mhadhara wa Kumkumbuka Henri Gaudier-Brzeska, Arusha

Shikamooni wazee wangu. Vijana, nawasalimu. Na nyinyi wachongaji mliofunga meza zenu katikati ya msimu wa wageni mkaja kukaa kwenye viti vya plastiki kunisikiliza, asanteni sana, maana najua kila saa mnayokaa hapa ina bei yake.

Nimeombwa nimzungumzie kijana msanii aliyekufa vitani, kwa kuwa Siku ya Mashujaa, Julai 25, inakaribia. Nitaanza na Mfaransa. Naona watu wameshaanza kutazamana. Mwalimu, tuna mashujaa wetu, makaburi ya Kaboya ya vijana wetu wa vita ya Kagera yapo, Mfaransa wa nini tena? Nivumilieni. Kila mwaka tunakusanyika, tunasimama dakika moja, tunatamka neno mashujaa, mkuki na ngao vinawekwa mnarani, kisha tunarudi nyumbani. Lakini mwombe mtu akutajie shujaa mmoja tu kwa jina, akwambie kijana huyo alipenda nini kabla hajavaa magwanda, aliimba au alichonga au alichora, utaona anavyokodoa macho. Nimechoka na ukumbusho wa namna hiyo, na nimelisema hili mara nyingi mpaka wengine wakiniona wananikwepa. Kwa hiyo leo naleta mtu mmoja. Ana jina, ana tarehe, ana kazi ambazo ukienda zilipo utazitazama kwa macho yako. Nataka muone watu walifanya nini hata jina lake likafika Arusha.

Mchongaji Henri Gaudier alizaliwa Oktoba 4, 1891, Saint-Jean-de-Braye, karibu na mji wa Orléans. Baba yake alikuwa seremala. Akafa Juni 5, 1915, Neuville-Saint-Vaast, kaskazini mwa Ufaransa, akiwa sajini wa jeshi la nchi yake, amepigwa risasi. Miaka 23. Wengi wenu mliokaa safu hii ya mbele mmeshampita umri.

Hakusomea uchongaji chuoni. Alipelekwa Uingereza kijana mdogo kujifunza mambo ya biashara, akapita Ujerumani, akarudi Ufaransa, akakaa Paris. Huko akakutana na mwanamke wa Kipolandi, Sophie Brzeska, aliyemzidi umri kwa karibu miaka ishirini. Wakahamia London mapema mwaka 1911, wakaunganisha majina, naye akawa Gaudier-Brzeska. Mchana alikuwa karani wa ofisi. Usiku na siku za mapumziko alichonga na kuchora. Baadaye karakana yake ilikuwa chini ya tao la daraja la reli, mtaa wa Putney, treni zinapita juu ya kichwa chake. Nawaambia hili kwa sababu kila nikizungumza na vijana nasikia: mwalimu, sina eneo la kufanyia kazi, sina vifaa. Huyu naye hakuwa na kitu. Mawe yenyewe aliokoteza masalia kwa mafundi wanaochonga mawe.

Kuna kisa chake kinachosimuliwa sana. Alikwenda kumwona mchongaji mkubwa wa London wakati ule, Jacob Epstein. Epstein akamuuliza, wewe unachonga jiwe moja kwa moja, bila kutengeneza kwanza umbo la udongo? Kijana akajibu, ndiyo, moja kwa moja. Kumbe hajawahi! Epstein akasema basi nitakuja kuona kazi zako. Kijana akatoka pale mbio, akatafuta mawe, akachonga mfululizo ili mgeni akifika akute mawe yaliyochongwa yametapakaa kila upande. Mnacheka, lakini tangu hapo hakurudi nyuma. Akawa kweli mtu wa kuingia kwenye jiwe na patasi.

Sasa sikieni, hapa ndipo anapotuhusu. Kuchonga moja kwa moja alijifunza wapi? Kwa kutazama. Alikuwa anakwenda British Museum, jumba la makumbusho la London, anasimama mbele ya vinyago vya Afrika na vya visiwa vya Pasifiki, anachora, anarudi tena. Mmakonde anaposhika gogo la mpingo hatengenezi kwanza sampuli ya udongo. Analigeuza, anatazama gogo linakwenda wapi, anatia tezo. Hicho ambacho kaka zangu hapa mnakifanya kila siku mkidhani ni kazi ya kawaida ya kutafuta ugali, kule London mwaka 1912 na 1913 kilikuwa jambo jipya lililowagombanisha wasanii, na waliolianzisha walikuwa wanawatazama babu zetu. Gaudier mwenyewe aliliandika hilo wazi, akawapanga wachongaji wa Afrika na Pasifiki kwenye historia ya sanaa ya dunia, wakati Wazungu wengi waliviona vitu hivyo kuwa maajabu ya washenzi.

Lakini nenda kasome vibao vilivyo chini ya kazi kama zile. Kibao kinataja kabila. Kinataja nchi. Mara nyingi kinamtaja hata Mzungu aliyezibeba. Mchongaji hatajwi. Mwanafunzi wao tunamjua jina, kijiji alichozaliwa na siku aliyokufa. Walimu wake waliomfundisha bila kumwona hawana hata herufi moja. Hilo ndilo linaloniuma, na mtaniona nalirudia leo mpaka mwisho.

Mwaka 1914, kabla hajaenda vitani, Gaudier alikaa chini akaandika kwa mkono wake orodha ya kazi zake. Kijana wa miaka 22! Aliandika kila kazi na alipoipeleka. Hakuwa tajiri, hakuwa maarufu kwa kiwango cha kusema dunia inamsubiri. Kazi nyingi aliziuza kwa bei ya kutupa. Lakini aliandika. Wewe mwenye umri wa miaka hamsini na vinyago vimekwenda Ujerumani, Marekani, Japani, umeandika wapi? Usiniambie vipo kichwani.

Vita ilipoanza Agosti 1914 alirudi Ufaransa kupigana. Hapa huwa kuna mtu ananinyooshea kidole: mwalimu, huyo si ndiye aliyekimbia jeshi? Ni kweli. Miaka ya nyuma hakwenda kulitumikia jeshi lao kama sheria ilivyotaka. Na inasimuliwa kwamba aliporudi mara ya kwanza walimkamata kama mtoro wakamfungia, akatoroka, akarudi London, halafu akaenda tena baada ya kuhakikishiwa kwamba hatafungwa. Sasa niambieni, mtu aliyeponyoka salama, yuko ng'ambo, ana wanaompenda, ana jiwe limelala nusu karakanani, akageuka akarudi mwenyewe kwenye mahandaki: utamwita mtoro kwa haki gani? Hodari alikuwa hodari, alipandishwa cheo, akawa koplo, kisha sajini.

Na mwingine huniambia, lakini alisifu vita. Hilo nalo ni kweli na silifichi. Katika maandishi aliyoyatuma kutoka handakini aliandika kwamba vita ni dawa kubwa, inaua majivuno ya mtu. Sikubaliani naye. Vita ilimuua yeye, na majivuno ya waliomtuma yakabaki palepale. Lakini sitaki tumkumbuke kwa kumwosha. Tukikumbuka vijana kwa kuwafanya malaika tunawaua mara ya pili. Kijana wa miaka 23 anasema mambo makali, anabishana, anakosea. Mwacheni aseme.

Katika maandishi hayohayo kuna jambo ambalo ndilo lililonifanya nimbebe mtu huyu miaka yote hii. Wachongaji, sogezeni masikio.

Gaudier aliipata bunduki ya adui, Mauser ya Kijerumani. Wenzake wangeona silaha, yeye aliona umbo. Anaeleza kwamba uzito wake na ubaya wa umbo lake vilimjaza picha ya ukatili mtupu. Akaishika, akaitazama, na kwa muda mrefu hakujua kama anaipenda au anaichukia. Fikirieni. Mizinga inalia, watu wanakufa kulia na kushoto, na yeye anajiuliza swali ambalo mimi huwauliza wanafunzi wangu: umbo hili linakwambia nini? Halikuwa swali la kama bunduki inaua, hilo analijua. Swali ni kama mistari yake, unene wake, namna mti ulivyokutana na chuma, vinamfurahisha au vinamchukiza. Mwishoni akaamua: siipendi.

Akakivunja kitako. Akachukua kisu chake, akachonga kwenye ule mti wa kitako umbo lingine, la hisia ya upole zaidi, ambayo aliipenda kuliko ile ya bunduki.

Nataka tukae hapa kidogo, na mwenyekiti anisamehe. Kitako cha bunduki kama ile ni mti mgumu. Una umbo lake tayari, umepindwa ili ukae begani, kwa hiyo huna uhuru wa gogo. Hana tezo, hana patasi, hana msasa, ana kisu cha mfukoni. Atakuwa amekaa handakini, matope, mikono ina baridi. Na bado anafuata uelekeo wa nyuzi za mti, kwa sababu ukishindana nazo kwa kisu kidogo mti utapasuka. Mnajua ninachosema, nyinyi vidole vyenu vina makovu ya jambo hili. Mtoto wa seremala yule alikuwa anajua mti. Akauchukua mti uliotengenezwa ili uegemee bega la mtu anapoua mwenzake, akautafutia kazi nyingine.

Na angalieni alivyosisitiza alipokuwa anaeleza. Hakusema kazi yake ni nzuri kwa sababu amechonga kitu cha amani, njiwa au mama na mtoto. Anasema uzuri wake umetoka kwenye mpangilio mwepesi wa mistari na mabapa, kama vile ubaya wa bunduki nao ulivyotoka kwenye mpangilio wa mistari na mabapa. Yaani umbo lenyewe ndilo linasema. Nimewaambia mara ngapi, wanangu? Mnachonga tembo mia moja wanaofanana, mnawapaka kiwi wang'ae, halafu mnashangaa kwa nini mgeni anapunguza bei mpaka aibu. Tembo wako hasemi kitu. Amechongwa na mkono ambao macho yake yalikuwa barabarani.

Kipande kile cha kitako kilipotea huko vitani, hakikupatikana tena. Tunacho kwa sababu aliandika. Angechonga tu bila kuandika, leo nisingekuwa na cha kuwaambia.

Maandishi hayo yalichapishwa katika jarida la wasanii la London, Julai 1915. Aliyatuma akiwa hai. Yalipotoka kwenye mtambo, chini yake wenzake walikuwa wameweka tangazo kwamba mwandishi amekufa. Humo humo anaeleza kilima walichokuwa wanapigania, kwamba mabomu yote yale hayakubadilisha hata kidogo mstari wa kilima kile, na kundi la kwale likapita linakimbia mbele ya handaki lao. Ukitoka Moshi ukapita Himo, ukavuka mpaka Holili kuelekea Taveta, utaviona vilima vya Latema na Reata, ambako Machi 11 na 12, 1916, watu waliuana usiku kucha. Mistari yake ni ileile.

Maana vita ni moja, wazee wangu. Watu hudhani Vita ya Kwanza ilikuwa ya kwao huko. Novemba 3, 1914, Waingereza waliwashambulia Wajerumani mlimani Longido, hapo mnapopita kwenda Namanga. Juni 1915, Gaudier anapigwa risasi, Taveta iko mikononi mwa Wajerumani tangu Agosti ya mwaka uliotangulia, na kutoka upande huu wa Kilimanjaro vikosi vinavuka kwenda kulipua reli ya Uganda. Machi 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts likaingia Moshi. Wazungu na Wahindi walikuwemo wengi. Lakini upande wa Wajerumani waliopigana wengi walikuwa askari wetu, upande wa Waingereza nao wakawa wengi kadiri vita ilivyoendelea, na waliobeba mizigo, maelfu kwa maelfu, walikuwa wapagazi. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam limetoka kwenye kikosi cha wapagazi hao. Sasa niambieni, katika maelfu yale hapakuwa na mchongaji hata mmoja? Hapakuwa na malenga? Ngoma za beni, za vikundi vya Marini na Arinoti, zilisambaa bara na askari na wapagazi hao. Mtu alitunga nyimbo zile. Mtu alichonga kipini cha kisu chake usiku wa kambi. Nani?

Nendeni Dar es Salaam mkaisome ile Sanamu ya Askari. Iliwekwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann. Aliyeichonga tunamjua, James Alexander Stevenson, Mwingereza. Aliyetunga maneno tunamjua, Rudyard Kipling. Na Kipling alikuwa na jeraha lake, mwanawe John alipotea Loos, Ufaransa, Septemba 1915, ana miaka 18, na baba akafa bila kuliona kaburi lake. Kwa hiyo silaumu moyo wake. Lakini maneno yake ya Kiingereza yanamwahidi askari kwamba akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Zungukeni sanamu ile pande zote. Jina liko wapi? Ahadi ya jina imeandikwa, majina hayakuandikwa! Na si bahati mbaya. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa ikakiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Linganisheni na Selous, mwindaji yule Mwingereza. Aliuawa Beho Beho Januari 4, 1917, akiwa na miaka 65. Kaburi lake lipo, na pori likapewa jina lake mwaka 1922. Sina ugomvi na kaburi la mtu. Nauliza waliokufa siku zile kandokando yake.

Turudi kwa Gaudier, maana nusu ya habari yake ilitokea baada ya kifo. Hapa naomba mnisikilize kuliko mwanzo.

Angeweza kusahaulika. Alikuwa maskini, kijana, mgeni London. Lakini rafiki yake, mshairi Ezra Pound, ambaye Gaudier alimchonga kichwa kikubwa cha marumaru mwaka 1914, hakukubali. Mwaka 1916, mwaka mmoja tu baada ya kifo, alitoa kitabu kizima juu yake, barua zake humo, maandishi yake humo, picha za kazi humo. Mwaka 1918 yakafanyika maonyesho ya kumkumbuka London. Sophie, aliyebaki peke yake, alikaa na michoro na vinyago mpaka akili ikamzidi. Alikufa mwaka 1925 hospitali ya wagonjwa wa akili, hakuacha wosia, na mali ikaangukia serikalini. Hapo ingeweza kupotea. Akatokea mtu anaitwa Jim Ede, mfanyakazi wa jumba la sanaa la Tate, mwaka 1927 akanunua sehemu kubwa ya kazi zile, akaziweka nyumbani kwake, akazihifadhi, akaandika juu yake, akazionyesha kwa kila aliyebisha hodi. Nyumba yake ya baadaye, Kettle's Yard, ipo Cambridge, aliikabidhi chuo kikuu mwaka 1966. Hesabuni wenyewe: kijana aliyeandika orodha, rafiki aliyeandika kitabu, mwanamke aliyekataa kutupa, mfanyakazi wa makumbusho aliyenunua. Angekosekana mmoja hapo, Gaudier angekuwa namba katika maiti za Neuville-Saint-Vaast.

Sasa nyinyi. Ng'ombe wa Mmasai ana alama sikioni na pikipiki yako ina namba, lakini kinyago chako hakina kitu. Nimepita meza nyingi za Arusha, nageuza kinyago juu chini, chini kweupe. Nikiuliza nani kachonga, mwenye meza ananiambia kimetoka kwa mafundi. Mafundi gani? Wana mama waliowazaa! Nimegombana na wenye maduka kwa jambo hili. Mmoja aliniambia mgeni hajali jina, na jina linaharibu chini ya kazi. Mgeni hajali kwa sababu hukumpa. Mpe jina, mpe mwaka, mwambie kijiji. Anayepanda ndege na kinyago chenye jina anaondoka na mtu. Na mwenye duka anayekukataza kuandika jina lako anaogopa mgeni atakutafuta mwenyewe, basi, hakuna sababu nyingine. Nimeishi na biashara hii, msinidanganye.

George Lilanga tunamjua kwa sababu jina lilikwenda na kazi. Samaki Likankoa tunamtaja kwenye vinyago vya mashetani kwa sababu watu waliandika. Wangapi walichonga vizuri kama wao?

Na Wamakonde wangu, hili ni lenu hasa. Septemba 25, 1964, FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilipoanza vita dhidi ya Wareno kule Chai, Cabo Delgado, waliokuwa mstari wa mbele wengi walikuwa Wamakonde. Baba zenu na babu zenu walivuka Ruvuma kwenda na kurudi. Humu ndani najua kuna mtu ambaye mjomba wake alichonga kwa mkono huu na akapigana kwa mkono huohuo, na hakurudi. Kile alichokiacha nyumbani mmekiweka wapi? Mmeuza? Kama mmeuza, mlimwambia mnunuzi ni cha nani?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na habari za Franz Marc, mchoraji wa farasi wa buluu, upande wa Wajerumani, aliyekufa Verdun Machi 4, 1916, wiki moja tu kabla ya Latema. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wasanii wa kuondolewa mstari wa mbele, amri ikachelewa. Naiacha, mnaweza kuniuliza.

Lakini Kagera siiachi, hata muda ukiisha. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia, Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka, na vijana wetu wako Kaboya, Muleba, kwa safu. Wengine walitoka Arusha hii, Meru, Monduli, Karatu, wengine Rombo na Machame. Walikwenda askari na walikwenda mgambo. Vijana wale walikuwa wa umri wa Gaudier. Walikuwa waimbaji wa kwaya, wapiga gitaa, wachora mabango. Bendi za jeshi na za JKT miaka ile zilikuwa moto, Mwenge Jazz mnaikumbuka, wazee. Hao waliozikwa Kaboya majina yao yapo jeshini, lakini alichokuwa anapenda Fulani bin Fulani hakiko jeshini. Kiko kwa mama yake, na mama zao wanaondoka. Kiko kwa dada aliyebaki na daftari la nyimbo la shuleni, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na wajukuu wakifanya usafi wanalichoma. Binti, wewe unayeandika pale, una bibi? Nenda Jumamosi hii. Usiende na hotuba. Mwulize kaka yake aliyekufa alikuwa anaimba nini akitoka shamba. Umwache aimbe, umrekodi kwa simu, uandike jina lote, la baba na la ukoo, na kijiji, na mwaka aliozaliwa. Kama kuna mchoro, upige picha na karatasi yenyewe usiichukue, mwachie.

Mzee wangu pale anataka kuniuliza nani atavitunza vyote hivyo. Swali zuri, na Jim Ede alianza na nyumba yake. Tutaanza na kabati moja hapa karakanani, lina kufuli, ufunguo atakaa nao mama mlezi wa chama chenu, na nakala ya pili itakwenda kwa mwalimu wa historia wa shule atakayejitolea. Nimeshaongea na wawili.

Wachongaji, kabla hamjaondoka: pale mezani kuna sindano za chuma na kisu kidogo cha kutia maandishi kwenye mpingo. Kila mmoja amekuja na kazi moja kama nilivyoomba. Geuzeni. Tunaandika jina, mwaka, na Arusha. Asiyejua kuandika ataandikiwa na vijana, halafu ataweka alama yake mwenyewe. Maswali nayapokea hukohuko mezani tukiwa tunafanya kazi, na wa kwanza ni mzee wangu wa Longido, karibu mbele.